Kungwi Aliyekuwa Akingoja Ngozi Yake

Kungwi hakuwa mtu wa kukalishwa. Ukimpa kiti atakigusa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, atashukuru, kisha atakwenda kuketi kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, uso nje. Nilimwambia siku moja kwamba makochi yangu yametoka Dar na mkuu wa wilaya amewahi kuyakalia. Akauliza kama mkuu wa wilaya aliyasifu. Nikasema aliyasifu sana. "Basi yameshapata haki yao," akasema, akabaki pale pale mlangoni na kikombe chake cha chai.

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nalificha. Ni kwamba sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Mtaa wetu wote wa Kilakala, hapa Morogoro, ulimwita Kungwi, kuanzia watoto mpaka padri. Binti akivunja ungo, mama yake alijifunga kanga mbili akaenda kwa Kungwi, na Kungwi akaja kumweka ndani, akamfunda, na kiangazi kikifika akamtoa kwa ngoma. Zamani mwali alikaa ndani miezi na miezi. Siku hizi kuna shule, kwa hiyo alibana mambo yake ndani ya likizo, akilalamika kwamba dunia ya sasa inataka andazi kabla unga haujaumuka.

Mke wangu ni mwali wake. Kwa hiyo yeye kwangu alikuwa mkwe, na mimi kwake mkwe, na wenye mila wanajua maana yake. Hatuli sahani moja, hatutaniani, nikimwona anakuja njiani napisha. Tumeishi hivyo miaka mingi, nyumba yake chini ya korongo, yangu juu. Yangu ni ya ghorofa. Nasema hivyo ili mjue mahali.

Mimi ni mtu wa mboga. Shule niliiacha darasa la tano, na sijutii, maana wenzangu waliomaliza sasa wananiomba kazi. Nilianza na baiskeli ya kuazima. Leo nina Fuso tatu zinazoshusha kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta, na soko la Dar likikosa mzigo wangu siku mbili watu wanauliza kama nimekufa. Wahadhiri wa chuo cha Mazimbu huja kwangu na wanafunzi wao kuuliza jinsi biashara inavyokwenda, nami nawaeleza, nao wanaandika. Hayo yote nimeyafanya kwa kichwa hiki. Lakini leo naeleza habari za Kungwi.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mengi ya hayo machache yaliuma. Mama mmoja wa mtaa wetu alimharakisha amtoe binti yake mapema kwa sababu wageni wa Dodoma wameshafika na mbuzi ameshachinjwa. Kungwi akamjibu kwamba mbuzi hana mila, ataliwa tu, na binti atatoka siku yake ikifika. Wageni walikula, wakalala, wakarudi Dodoma bila kumwona mwali. Alikuwa na msemo wake, "Mwili hauna haraka, wenye haraka ni watu," na aliutumia kwa kila kitu, hata ugali ambao haujaiva.

Jumapili alikuwa misa ya kwanza, benchi la mbele, rozari mkononi. Padri mmoja, kijana, aliyeletwa kutoka mbali, alihubiri dhidi ya ngoma za kuwatoa wali majuma mawili mfululizo. Kungwi alisikiliza yote. Juma la tatu akamleta mwali wake kanisani, amepakwa mafuta, kanga mpya, shanga shingoni, akamkalisha pembeni yake mbele kabisa. Ibada ilipokwisha akamwomba padri ambariki. Padri akambariki. Angefanyaje?

Halafu alikuwa na mambo yasiyoendana. Alisema hapendi kelele, lakini mpira ukitangazwa redioni alifungulia mpaka korongo zima linajua nani ana kona. Alisema haogopi kitu, lakini hakuwahi kukubali kupigwa picha. Wapiga video wanaokodiwa kwenye ngoma siku hizi alikuwa anawafukuza kwa ufagio. Kijana mmoja wa kamera akamwambia, "Bibi, si kumbukumbu tu?" Akamwambia, "Kumbukumbu weka kichwani, ndiyo maana Mungu alikupa kikubwa." Na kweli kijana yule alikuwa na kichwa.

Kubwa kuliko yote ni hili, na nalijua kwa mke wangu, maana mambo ya ndani mwanamume hayajui. Makungwi wengine hufundisha kwa nyimbo na kwa vinyago vya udongo. Yeye alifundisha kwa mwili wake. Alivua kanga mbele ya mwali akamwonyesha: hapa utakuwa hivi, hapa mtoto atanyonya, hapa patalegea, usiogope. Mke wangu anasema hakuna siku aliyoogopa kuwa mwanamke baada ya hapo. Mimi niliambiwa hilo mara moja tu, tena taa zimezimwa, na sikuuliza zaidi.

Lakini mtu huyo huyo hakuna aliyemwona akioga. Hakuna aliyemkanda mgongo. Mumewe alikufa zamani, mtoto wa tumboni hakujaliwa, dada zake wote wametangulia. Akiugua malaria alifunga mlango, na mlango ukifunguliwa ameshapona. Wali wake aliowatoa wamejaa Morogoro yote, wengine sasa ni bibi, kila mmoja anajua anavyocheka na anavyokasirika, na hakuna aliyewahi kumpelekea uji kitandani. Si kwamba hawakutaka. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba aliyemwogesha mwali haogeshwi na mwali. Sijui kama ni sheria ya Waluguru au ni yake mwenyewe. Nimewauliza wazee wa Mgeta, wakaguna.

Sasa basi. Ilikuwa masika, nimesimama yadini kwangu tunapakia. Nikamwona Kungwi amesimama langoni na mkoba. Nikapisha kama ada. Hakupita. Alingoja mpaka wapakiaji wamekwenda kunywa chai, ndipo akauliza kama gari la Dar lina nafasi mbele. Nikamwambia lina nafasi na dereva atamfikisha anakokwenda, nitampigia mwenyewe.

"Dereva hapana," akasema. "Uendeshe wewe."

Mimi niliacha kuendesha Fuso siku nyingi. Mtu wa kiwango changu haendeshi, anaendeshewa. Tena mkwe na mkwe, mbele ya gari moja, mpaka Dar? Nikaanza kujiumauma. Akaniangalia, akasema, "Leo mimi si mkwe wako. Nihesabu mzigo wa kabichi." Nikachukua ufunguo.

Tulipoipita Mikese akasema, uso umeelekea dirishani, "Nimekatwa titi la kushoto. Ule mwezi mlioambiwa niko Gairo nanunua karanga, nilikuwa hospitali. Sasa wanataka wanipige mionzi."

Nilimuuliza nani alikuwa anamwogesha huko hospitali. Akasema alijiogesha kwa mkono mmoja. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi na si mke wangu. Akanijibu jibu ambalo mpaka leo sijajua kama lilikuwa sifa au tusi. Alisema, "Mtu anayejisema mwenyewe mchana kutwa hana nafasi ya kumsema mwenzake. Nimekutazama miaka yote. Siri kwako itakaa."

Ikakaa. Nilimtafutia chumba kwa mteja wangu mmoja Dar, mjane mwenye heshima, na mimi nikageuka dereva. Jumatatu nampeleka, Ijumaa namrudisha, wiki baada ya wiki, masika yote. Mtaani alisema anauza karanga Dar. Mke wangu naye akawa na hesabu zake. "Mwenye Fuso tatu amerudi kuwa dereva," aliwaambia mashoga zake nikisikia. "Huko Dar kuna usukani gani mtamu hivyo?" Wakacheka. Nikameza. Mimi nimesingiziwa mengi maishani, ila kusingiziwa mwanamke kwa sababu ya mkwe wangu ilikuwa mara ya kwanza.

Njiani ndipo nilipomjua Kungwi. Alikuwa anajua mashairi ya misa ya Kilatini ambayo hata padri hayajui. Aliwacheka madereva wanaolipita gari letu na baadaye tunawakuta wamesimamishwa na trafiki. Siku za mwisho mwisho hakucheka. Alikaa na kanga ameishika mbali na kifua kwa vidole viwili, isimguse. Ngozi imebabuka, akasema, na inakaza kama ngoma iliyoanikwa jua kali ikasahauliwa. Nilitaka kusema neno. Nikamweleza bei ya karoti. Alisikiliza mpaka mwisho.

Mionzi ilipokwisha, daktari wa upasuaji akamwita. Mwanamke, umri wa kuwa binti yangu mkubwa, miwani, sauti ya chini. Akauliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi. Kungwi akanionyesha kwa kidevu. "Mwanangu," akasema. Basi nikaingia kama mwana, nikakaa.

Daktari akasema titi linaweza kutengenezwa upya, kama mama anataka. Kungwi alikuwa ameshajiandaa. Alitaka, na alitaka kabla ya kiangazi. Kiangazi kile mwali wa kutolewa alikuwa binti yangu wa mwisho. Kungwi alikuwa ameshamweka kwenye hesabu yake tangu binti anazaliwa, na hawezi kuingia kwa mwali na upande mmoja. Atamwonyesha nini?

Daktari akasema haiwezekani. Alitueleza taratibu, mara mbili, na mimi nilielewa mara ya kwanza. Wapo wanaotengenezewa siku ile ile ya kukatwa, lakini kwa anayesubiri mionzi, mionzi inaweza kuharibu kilichojengwa. Ikishapita, nyama iliyochomwa lazima ipumzike. Nusu mwaka kwa uchache, mwaka ni bora zaidi, mpaka ngozi ilainike na damu irudi kupita vizuri. Ukiharakisha kidonda hakifungi. Akasema pia kwamba kifuko cha kuwekewa ndani hakikai vizuri kila mara kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, kinaweza kukakamaa au kutunga usaha. Kwake yeye angependelea kuchukua nyama na ngozi ya mgongoni, yenye damu yake yenyewe, kuileta mbele.

Nikamwambia daktari kwamba kama tatizo ni gharama, aseme. Nikamtajia magari yangu. Akasema, "Baba, hata ungekuwa na Fuso kumi, ngozi hii haipandi gari."

Kungwi akacheka. Mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Akauliza litakuwa na hisia? Daktari akasema ukweli, litakuwa umbo, hisia zake hazitakuwa kama za lile la zamani. "La zamani nalo," akasema Kungwi, "lilikuwa na miaka mingi halijaulizwa hali." Mimi nikaangalia dari. Kisha akauliza mwisho ni lini, yaani akichelewa sana mlango utafungwa? Daktari akasema hakuna mwisho. Mwakani, miaka mitano, kumi. Na kama hataki kabisa, ipo sidiria yenye titi la bandia, wengi wanavaa na wanaishi vizuri. "Uamuzi ni wako, mama. Hakuna anayekukimbiza."

Nilidhani maneno hayo ni ya faraja. Tulikuwa tunarudi, tumeshaiona milima, mawingu yameikalia Uluguru. Ndipo Kungwi akasema kwamba maisha yake yote alikuwa ndiye anayeshika ufunguo wa wengine, huyu atoke lini, yule atoke lini, na leo amepewa ufunguo wake hajui mlango uko wapi.

Basi kiangazi kikaja, na Kungwi akamkataa mwali wangu. Alimtuma mtu, hakuja mwenyewe, kusema atafutwe kungwi mwingine. Mke wangu alilia siku nzima. Alikwenda kugonga mlango wa chini ya korongo, hakufunguliwa, na redio ilikuwa inasikika ndani. Akarudi amekunja uso. "Nimemkosea nini mimi? Mwanangu ana uchafu gani?" Nikasema labda mtu amechoka, ni mzee. "Mzee anayekwenda Dar kila wiki na karanga?" Nikanyamaza. Mimi, ambaye hata mtoto akianguka kwenye baiskeli natoa hotuba.

Tukamleta kungwi wa Bigwa. Ngoma ilikuwa kubwa, nasema kweli, tangu mtaa uanze haijapigwa kama ile. Vyungu vikubwa, spika mbili, mwali amebebwa mabegani, noti zinabandikwa kipajini kwake. Na mimi, baba mwenye shughuli, macho yangu yalikuwa barabarani. Kungwi wetu alikuja. Alisimama ng'ambo, kwenye ukuta wa duka la vocha, amejifunika kanga nzito mabegani na jua linawaka. Miguu yake ilikuwa inahesabu ngoma. Mwali alipopitishwa alinyanyua mkono wa kulia kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, akaugeuza, akaondoka. Watu waliomwona walisema amekuja kuroga. Nilisikia, na sikuweza kumtetea. Kumtetea kungekuwa kusema.

Tangu hapo mke wangu na wenzake walipita mbele ya nyumba yake bila kubisha hodi. Kungwi alikuwa na mimi tu. Nilikuwa napitia jioni, nasimama nje, sivuki kizingiti, namuuliza ngozi inaendeleaje. Alinijibu kama anayesema habari za shamba. Imeanza kuacha kuwasha. Imeanza kukunjika. Leo nimeipaka mafuta ya nazi, imekunywa. Na kusema ukweli, nilijisikia mtu. Wenzangu wana siri za fedha na za wanawake, mimi nilikuwa na siri ya Kungwi. Nilianza kununua mafuta ya nazi bora kuliko yote sokoni.

Mwaka ulipopita nikampeleka kwa daktari. Daktari akabonyeza, akavuta, akaridhika. Ngozi iko tayari, akasema, tarehe tunaweza kupanga. Kisha akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida: nani atakuwa naye? Mgongo utakuwa na kidonda, kifua kitakuwa na kidonda, mirija ya kutoa maji itaning'inia huku na huku, mikono haitanyanyuka kwa wiki. Hatajiogesha. Hatafunga kanga mwenyewe. Lazima kuwe na mtu, mwanamke, wa karibu.

"Nitafikiri," akasema Kungwi.

Alifikiri kiangazi kizima. Wali wa mwaka wa pili wakatoka bila yeye. Tarehe ya kwanza akasema mvua zinakuja. Ya pili akasema ngozi imeanza kukaza tena. Siku hiyo nikamwambia, kwa heshima zote, mkwe, mimi nauza mboga, naijua iliyonyauka na naijua inayosingizia. Ngozi haikukaza.

Alikuwa amekaa kizingitini. Nikamwambia nitamwajiri mwanamke, muuguzi mstaafu, mgeni kabisa, asiyemjua mtu Kilakala. Nitamlipa mimi. Alitikisa kichwa.

"Mgeni anioshe kama maiti?"

"Basi mwite mmoja wa wali wako. Wako wangapi?"

"Hao ndio siwezi."

"Lakini wewe umewavulia nguo wote hao."

"Kuonyesha ni kazi yangu," akasema. "Kuonwa siyo. Nilipovua nilikuwa mwalimu. Nikilala pale, nani atakuwa mwali?"

Nilirudi kwangu nikakaa kwenye makochi yangu. Mtu wa kumweleza sikuwa naye. Nilifikiri, kumbe mwaka wote tulioutumia kungojea ngozi ulikuwa mwepesi. Ngozi ililainika kwa mafuta na kwa siku. Hili lilihitaji nini? Nilikuwa tayari kununua chochote.

Hakulitaja tena na mimi sikumuuliza. Nikaendelea kupitia jioni. Tukazungumza mpira.

Halafu siku moja, vuli ndiyo imeanza, niko sebuleni natazama taarifa ya habari, nikasikia hodi. Kungwi. Hajaingia nyumbani kwangu tangu kiangazi cha binti yangu. Hakuniangalia. Alisalimia hewa, akauliza mwenye nyumba yuko wapi, na kwa mwenye nyumba hakumaanisha mimi. Mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama. Wakaangaliana. Nilidhani patachimbika.

"Nina neno la ndani," akasema Kungwi.

Wakaingia chumbani, mlango ukafungwa, komeo nikalisikia. Nilipunguza sauti ya televisheni. Hakikusikika kitu, si kilio, si maneno. Taarifa ya habari ikaisha, michezo ikaisha, hali ya hewa ikaisha. Komeo likafunguka. Mke wangu alitoka macho mekundu, akapita jikoni, akabandika sufuria kubwa ya maji, akarudi na beseni na kitambaa safi. Alipofika usawa wangu akasimama.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa, nikashindwa kujua kama nimepanda au nimeshuka. Akaingia na maji, komeo likarudi.

Nini kilimgeuza Kungwi sijui. Mke wangu aliniambia neno moja tu, siku nyingi baadaye, nilipomsumbua sana. Kwamba Kungwi alimwambia amechagua wakati: baada ya vuli kuanza, ili apone kabla ya wali wa mwakani, na akiingia kwao ataingia na kovu lote, la mbele na la mgongoni, wajue na hilo ni mwili wa mwanamke. Na kwamba mtu wa kwanza kumwonyesha hawezi kuwa mtoto. Lazima awe mtu mzima aliyemfunda mwenyewe.

Tarehe ilipofika niliosha gari dogo, lile jipya, nikawasha kiyoyozi. Walikaa nyuma wote wawili. Kanga zao zilikuwa sare. Walizungumza chini kwa chini, na nikijaribu kuchangia walinyamaza kwa adabu, wakanisikiliza, kisha wakaendelea. Hospitali muuguzi akauliza nani ndugu. Nikainuka. Mke wangu alikuwa ameshafika mezani. Kungwi alinigeukia, akavuta kanga kichwani kama inavyotakiwa mtu na mkwewe.

"Asante mkwe," akasema. "Umetufikisha."

Nilikaa kwenye benchi la nje siku zile zote, nikienda na kurudi na supu na dawa. Niliwasikia nyuma ya pazia, maji yanamiminika kwenye beseni, mke wangu anasema nyanyua kidogo, na Kungwi anasema pole pole wewe, nilikufundisha hivyo? Wakacheka wote wawili. Pembeni yangu palikuwa na mwanamume mwingine anamngojea mkewe. Nilianza kumweleza habari za biashara yangu. Sikumaliza.

Waliporudi Kilakala, wali wakaja. Sijui nani alimwambia nani, lakini nyumba ya chini ya korongo ikawa na zamu: huyu uji, huyu kufua, huyu kufunga kanga. Mabibi wa kanisani, mabinti wa chuo, wanawake wa sokoni wanaonunua mboga kwangu. Mimi nilipopita jioni, kama nilivyozoea, nilikuta mlango umejaa viatu vya kike, na mmoja akatoka akaniuliza kwa heshima kubwa kama kuna mtu ninamtafuta. Nikasema hapana, napita tu.

Kiangazi kilichofuata nilikutana naye sokoni, asubuhi, upande wa viazi. Alikuwa na kina mama watatu wenye wali ndani, wananunua vya shughuli. Nikapisha. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya nyumbani, nikasema njema, akasema tumshukuru Mungu. Nilikuwa na maswali mengi. Nilitaka kujua kama baridi ya asubuhi inamuuma, kama mgongo umefunga, kama daktari amemaliza kazi yake yote au bado kuna upasuaji mwingine. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa mtu pekee duniani wa kujibiwa maswali hayo. Nyumbani nikiuliza naambiwa, "Hayo ni mambo ya ndani, baba," na nasogezewa chakula.

Mmoja wa wale kina mama alitaka kumsaidia tenga la viazi. Kungwi akamwambia akae kando. Akainama, akalishika kwa mikono miwili, akalinyanyua lote mpaka juu ya kichwa, akaliachia likatulia hapo. Mtu yeyote aliyewahi kubeba tenga anajua kwamba mikono ni ya kushikia tu. Kinachonyanyua ni kifua na mgongo.

Niliona hilo kwa macho yangu, na nikageuka upande wangu wa kulia kumwambia mtu. Palikuwa na magunia. Wao walikuwa wameshavuka barabara, wanne, wanazungumza kitu kilichowachekesha, na ilinibidi nisubiri pikipiki zipite kabla sijarudi kwenye gari.